Dubai na Watoto: Mji Ambao Mama wa Zamani Walikuwa Wanaukimbia Msimu wa Joto

SEHEMU YA 1: Kosa langu

 

Kila ikikaribia likizo ya Juni napata swali lile lile: "Nesi, tunakwenda Dubai na watoto, nibebe dawa gani?" Mwaka huu sianzi na dawa. Naanza na historia. Najua mtasema nesi naye kaanza kuwa mwalimu, ila nivumilieni, mwisho mtaona kwa nini.

Mimi mwenyewe nilikwenda. Wifi yangu anafanya kazi kule, anaishi upande wa Deira, akatuita tukapumzike. Tiketi za Juni zilikuwa rahisi kuliko za Desemba, nikajiona mjanja. Nikambeba mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka mitatu, na dada yake wa miaka minane.

Siku ya pili tukatoka saa sita mchana kwenda kupanda abra, zile boti ndogo za kuvuka maji. Nilikuwa nimevaa miwani, nimebeba simu ya kupigia picha, na mtoto nimemweka kwenye kigari chake nikakifunika na kitambaa ili jua lisimchome. Nikajisifu moyoni kwamba nimemkinga.

Tulipofika ng'ambo nikafunua kitambaa. Mtoto amelegea. Uso mwekundu, midomo mikavu, namwita anaitikia kama mtu anayeota. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Nimewapokea watoto wa namna hiyo mara nyingi mikononi mwangu, nikawauliza mama zao, tena kwa ukali kidogo, "Mama, ulikuwa wapi muda wote huo?" Siku ile mama alikuwa mimi.

Kulikuwa na bibi mmoja amekaa kivulini mbele ya duka, amejifunika baibui. Akaniita kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Mwanangu, mlete mtoto ndani upesi. Joto limemkamata huyo." Hata shikamoo nilisahau. Tukaingia ndani, tukamvua nguo, nikalowesha kanga yangu maji nikampangusa mwili mzima huku wifi akimpepea, tukamnywesha maji kidogo kidogo. Baada ya kama nusu saa akaanza kulia. Machozi yakatoka. Mama zangu, sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Ndipo nikamwamkia yule bibi. Akaitika marahaba, akacheka kidogo, akaniambia: "Mama mkwe wangu alizaliwa hapa hapa. Yeye angekushangaa. Zamani wao joto hili walikuwa wanalikimbia na watoto wao. Nyinyi mnapanda ndege mnalifuata."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani. Nikaanza kusoma, na nilichokipata ndicho ninachowaletea.

SEHEMU YA 2: Mji wa hori na boriti zetu

Tukiisikia Dubai tunawaza maghorofa. Lakini ukiiondoa Burj Khalifa, iliyofunguliwa Januari 2010 na yenye urefu wa mita 828, ukaondoa na maduka makubwa yote, kinachobaki ni hori. Hori la maji ya bahari lililoingia nchi kavu, Bur Dubai upande mmoja, Deira upande wa pili. Waarabu wanaita khor. Sisi watu wa pwani tunaita hori. Neno ni moja.

Mwaka 1833 watu kama 800 wa kabila la Bani Yas walihama kutoka Abu Dhabi wakaja kukaa kwenye hori hilo, wakiongozwa na Maktoum bin Butti na Obeid bin Said. Ukoo wa Al Maktoum unatawala mpaka leo. Wakati ule ulikuwa mji mdogo wenye ngome, misikiti, nyumba za makuti ya mitende na vyombo vya bahari. Waliishi kwa samaki, tende, biashara na lulu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaja wafanyabiashara kutoka upande wa pili wa Ghuba, kwenye nchi tunayoiita sasa Iran. Kule ushuru ulikuwa umepanda, na Dubai mtawala wake alikuwa ameamua kuwavuta wafanyabiashara kwa kupunguza kodi. Wakajenga mtaa ulioitwa Bastakiya kwa jina la kwao, Bastak. Leo unaitwa Al Fahidi, na watalii wanapelekwa pale.

Ukifika Al Fahidi, simama chini ya mnara wa nyumba yoyote uangalie juu. Minara ile haikuwa ya urembo. Inaitwa barjeel, kazi yake ni kukamata upepo ukitokea upande wowote na kuushusha chumbani. Hicho ndicho kilikuwa kiyoyozi cha wakati huo. Halafu angalia dari. Utaona miti imepangwa sambamba, myembamba, imenyooka. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe na plasta nyeupe. Ukiwa mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja utasema, mbona hapa ni kwetu?

Ni kwetu kweli. Ile miti ni boriti za mikoko kutoka pwani ya Afrika Mashariki, maeneo kama Lamu na Rufiji. Ghuba hakukuwa na miti ya kujengea, kwa hiyo majahazi yalikuja na kaskazi, Desemba mpaka Machi, yamebeba tende na samaki mkavu, yakageuka na kusi kuanzia Aprili yamebeba boriti. Boriti nzuri ina urefu wa kama mita tatu hadi nne, na ndiyo sababu vyumba vya zamani vya Dubai ni vyembamba, kama vile vya Mji Mkongwe. Upana wa chumba uliamuliwa na mti uliokatwa kwenye mikoko yetu.

Hapa kuna jambo zito, na naomba tusiliruke. Kwa njia hiyo hiyo ya majahazi walipelekwa pia watu. Katika karne ya 19 na hata mwanzoni mwa karne ya 20, Waafrika wengi walichukuliwa utumwani kupelekwa Ghuba, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Wengine waliwekwa kwenye mashamba ya mitende, wengine kwenye vyombo vya kuzamia lulu, wengine kulea watoto wa watu ndani ya nyumba. Nilipokuwa namkausha mwanangu siku ile sikulijua hilo. Nilipolisoma baadaye niliwaza mama zao huku nyuma. Watoto wa kwanza kutoka kwetu kufika Ghuba kwa wingi hawakwenda likizo.

SEHEMU YA 3: Likizo ya zamani ya Dubai

Sasa turudi kwenye maneno ya yule bibi.

Msimu wa joto kule huanza Mei na kuendelea mpaka Septemba. Mchana joto hupita nyuzi 40. Na Dubai iko kando ya bahari, kwa hiyo hewa ina unyevu mwingi, unatoka nje kama umefungua sufuria la wali unaochemka. Na kabla ya miaka ya 1960 hakukuwa na umeme wa mji.

Watu waliishije? Waligawanyika.

Wanaume wengi walikwenda baharini. Msimu mkubwa wa kuzamia lulu ulikuwa huo huo wa joto, takriban miezi minne, maana ndipo bahari ina joto la kumwezesha mtu kushinda majini. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akafunga jiwe mguuni, akashuka chini bila mtungi wa hewa, anavutwa juu kwa kamba, anapumua, anashuka tena. Kutwa nzima. Mkuu wa chombo aliitwa nukhadha, ndiye nahodha wetu. Wazamiaji wengi waliondoka wakiwa na deni na kurudi na deni.

Na mama je? Mama alifunga mizigo, akachukua watoto, wazee, mbuzi, akahama. Safari hiyo ilikuwa na jina lake, maana kuhama msimu wa joto ilikuwa desturi ya kila mwaka. Familia za pwani zilipanda ngamia na punda zikaenda kwenye chemchemi na mashamba ya mitende: Buraimi na Al Ain, au Khatt kule Ras Al Khaimah, au kwenye mabonde ya milimani. Kutoka Dubai mpaka Al Ain leo ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Kwa ngamia ilikuwa siku kadhaa, na walipendelea kutembea usiku au alfajiri, jua likiwaka wanajificha.

Huko kulikuwa na kivuli cha mitende, hewa kavu ambayo jasho linakauka, na maji ya falaj, mifereji inayoleta maji ya chini ya ardhi kutoka mbali. Na ndio ulikuwa msimu wa tende mbivu. Watoto walioga, wakala tende, wakalala nje kwenye vibanda vya makuti vinavyopitisha upepo. Mwezi wa tisa au wa kumi, bahari ikifungwa na wanaume wakirudi, mama naye alirudi mjini.

Wenye uwezo waliobaki karibu na mji walihamia Jumeirah, ambako wakati huo kulikuwa na ufuko na mashamba ya mitende tu. Mtawala mwenyewe, Sheikh Rashid bin Saeed, alikuwa na nyumba yake ya mapumziko ya joto kule, Majlis Ghorfat Umm Al Sheif, iliyojengwa mwaka 1955. Ipo mpaka leo, ndogo tu, ya matumbawe na boriti, na bustani ya mitende. Mfalme wa mji alikimbilia upepo kama watu wake.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, likizo ya familia Dubai ni jambo la zamani sana. Ila likizo yenyewe ilikuwa KUTOKA Dubai.

SEHEMU YA 4: Leba za jangwani

Hii sehemu naiandika kama nesi.

Kuhama kule kulisaidia lakini hakukutosha. Mpaka katikati ya karne ya 20 eneo lile halikuwa na hospitali. Mama alijifungua nyumbani au njiani, akisaidiwa na mkunga wa jadi au mama yake. Kulikuwa na desturi moja iliyoenea Arabuni ambayo madaktari wa kwanza waliiandika kwa uchungu: baada ya kujifungua, mama aliwekewa chumvi ya mawe ukeni. Nia ilikuwa njema, kumsafisha na kumrudisha kuwa msichana. Matokeo yake chumvi iliunguza, ikaacha makovu, njia ikabana. Mimba iliyofuata mtoto anashindwa kutoka. Wale mliowahi kumsubiri mama mwenye uchungu pingamizi mahali pasipo na upasuaji, mnajua mwisho wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mambo yakaanza kubadilika. Dubai ikapata Hospitali ya Al Maktoum, ya kwanza ya kisasa katika eneo lile lote, kule Deira. Jirani, Sharjah, daktari mwanamke wa Kimarekani aitwaye Sarah Hosmon, mwenye mguu wa bandia na umri uliokwisha kwenda, baada ya miaka mingi ya kutibu wanawake Muscat, alifungua hospitali ya akina mama.

Halafu mwaka 1960 kule Al Ain, kwenye zile zile chemchemi ambako mama walikuwa wanakimbilia, wakaalikwa madaktari mke na mume kutoka Marekani, Pat na Marian Kennedy. Walianzia kwenye nyumba ya wageni ya matofali ya udongo. Historia ya hospitali yenyewe inaeleza kwamba wakati ule karibu nusu ya watoto wachanga walikuwa wanakufa, na mama mmoja katika kila watatu alipoteza maisha kwa uzazi. Soma tena hiyo sentensi taratibu. Novemba mwaka huo huo wakamzalisha mtoto wa kwanza. Mwaka uliofuata, 1961, akazaliwa hapo Mohamed bin Zayed, ambaye leo ni Rais wa Falme za Kiarabu. Hospitali hiyo sasa inaitwa Kanad, kwa vile wenyeji walivyolitamka jina la Kennedy.

Mwaka 1962 akaja nesi kutoka Canada, Gertrude Dyck. Wenyeji wakampa jina la Latifa, wakamwita daktari ingawa alikuwa muuguzi. Alikaa miaka 38. Nampenda huyu mama bila kumjua, maana ni sisi. Wauguzi ndio wanaokaa na mama usiku, ndio wanaomfundisha kwamba chumvi si dawa, ndio wanaohesabu pumzi za mtoto.

Leo vifo vya watoto wachanga kule ni chini ya 10 kwa kila watoto 1,000. Kutoka karibu nusu mpaka hapo, ndani ya umri wa mtu mmoja.

SEHEMU YA 5: Joto lilipofungiwa nje

Jinsi mji wenyewe ulivyobadilika.

Kwanza lulu zilikufa. Wajapani walifaulu kuotesha lulu kwenye mashamba ya chaza, na mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaanguka. Wanunuzi wakapotea. Miaka ya 1930 na ya vita vilivyofuata ilikuwa ya njaa kweli kweli Ghuba.

Baadaye Sheikh Rashid akakopa fedha, akachimba hori likawa na kina ili vyombo vikubwa viingie. Kampuni ya umeme ya Dubai ilianzishwa mwaka 1959. Mafuta yaligunduliwa baharini mwaka 1966, yakaanza kuuzwa nje 1969. Falme za Kiarabu zikaungana tarehe 2 Desemba 1971. Bandari ya Jebel Ali ikafunguliwa 1979. Shirika la ndege la Emirates likaanza kuruka Oktoba 1985.

Katika yote hayo mimi naona vitu viwili vilivyobadilisha maisha ya mtoto: umeme na maji. Umeme ulileta feni, kisha kiyoyozi. Maji yalibadilika kutoka visima vya chumvichumvi na punda wa kubeba mitungi hadi bomba. Leo karibu maji yote ya bomba kule Dubai ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mitambo. Mwaka 1968 mji ulikuwa na watu wasiofika 60,000. Sasa ni zaidi ya milioni tatu na nusu. Wote hao, na sisi wageni, tunakunywa bahari iliyosafishwa na kupumua hewa iliyopozwa.

Boriti zetu nazo zikaacha kuhitajika. Saruji na chuma vikachukua nafasi, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi. Wafanyabiashara wetu wakageuza njia: badala ya kupeleka miti, wakaenda Deira kununua vitambaa, simu na vipuri vya kujaza maduka ya Kariakoo na Mombasa. Ndiyo maana ukipita mitaa ile hutakosa kusikia Kiswahili.

Ila jamani, tuelewane. Joto halikuondoka Dubai. Lilifungiwa nje ya mlango tu. Ukifungua mlango lipo pale pale, lile lile lililowapandisha mama ngamia usiku. Wenyeji wanalijua hilo, ndiyo maana mpaka leo familia nyingi zenye uwezo huondoka mwezi wa saba na wa nane kwenda nchi za baridi. Hoteli zinabaki tupu, bei inashuka, tangazo linatufikia sisi: "Ofa ya familia!" Mimi nilidhani ni bahati yangu. Kumbe nilipewa nafasi iliyoachwa na wanaojua.

SEHEMU YA 6: Mwili wa mtoto ni ule ule

Mji umebadilika. Mwili wa mtoto haujabadilika.

Mtoto mdogo ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo anapokea joto la nje haraka kuliko wewe. Anatoa jasho kidogo kuliko mtu mzima. Hawezi kusema "nimeanza kuzidiwa", na akicheza hakumbuki kunywa. Na jasho linapoza mwili pale tu linapokauka. Penye unyevu mwingi linatiririka bila kukauka, mtoto analowa na bado anapanda joto. Sisi wa Dar na Mombasa tunajiamini kwamba joto tunalijua. La kwetu mchana ni nyuzi 30 na kidogo. Zaidi ya 40 ni kitu kingine.

Kosa langu la kitambaa ni hili: ukikifunika kigari, hewa ndani haitembei. Unatengeneza tanuri. Wale mama wa zamani walilaza watoto kwenye kibanda cha makuti kinachopitisha upepo. Hawakusomea unesi, lakini katika hilo walinishinda.

Shika dalili hizi:

Mapema: mtoto anakuwa mkali au mnyonge ghafla, kichwa kinauma, anatapika, midomo mikavu, mkojo mchache na wa njano sana, pampasi inakaa kavu kwa muda mrefu, analia bila machozi. Kwa mchanga, utosi unabonyea.

Hatari: ngozi inawaka, anachanganyikiwa, haamki vizuri, anapata degedege. Hapo ni dharura. Kule piga 998 kuita gari la wagonjwa. Wakati unasubiri, mwingize penye ubaridi, mvue nguo, mloweshe maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Asiyeamka vizuri usimpe kitu mdomoni. Na usipoteze muda na panadol, joto la jua halishuki kwa panadol.

Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji hata jangwani. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na maji unywe wewe.

SEHEMU YA 7: Safiri kama mama wa zamani

Sisemi msiende. Watoto wangu walifurahi, na tulirudi tena. Lakini mara ya pili tulikwenda Desemba. Kuanzia Novemba mpaka Machi Dubai ni nzuri, Januari mchana ni nyuzi 24 hivi, jioni unahitaji sweta. Mtoto anacheza ufukweni kutwa. Tiketi ni ghali zaidi, kweli. Sisi tulikaa siku chache ili fedha itoshe.

Kama Juni ndiyo nafasi pekee mliyonayo, basi gawa siku kama walivyoigawa wao:

1. Alfajiri mpaka saa tatu asubuhi: nje. Ufukwe, bustani, kutembea.

2. Saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni: ndani. Hapo ndipo maduka makubwa, samaki wa kuangalia kwenye vioo na michezo ya ndani vina kazi. Sheria ya kule inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa, kila mwaka kutoka 15 Juni hadi 15 Septemba. Kama mjenzi mwenye misuli anaambiwa aingie kivulini, wewe unampeleka wapi wa miaka mitatu?

3. Jioni: hori. Panda abra jua likizama. Ni dirhamu moja tu, na watoto wangu waliipenda kuliko vitu vyote tulivyolipia ghali.

4. Usimwache mtoto ndani ya gari hata dakika moja, hata amelala.

5. Kigari kiwe wazi kwa upepo. Chupa ya maji kwa kila mtoto, na pakiti za ORS kwenye mkoba.

6. Dawa: kabla ya kubeba, hakikisha zinaruhusiwa. Baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi tunazozizoea zina sheria kali kule. Beba cheti cha daktari, na kata bima ya safari.

7. Tenga siku moja kwenda Al Ain. Tembeeni chini ya mitende asubuhi, muwaonyeshe watoto maji ya falaj yakipita. Mifereji hiyo na mashamba yake imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Waambieni hapa ndipo watoto wa Dubai walikuwa wanaletwa wasife kwa joto.

Na mkifika Al Fahidi, mnyanyue mtoto aone dari. Binti yangu alizitazama zile boriti akauliza, "Mama, hii miti imefikaje huku mbali hivi?" Nikamweleza majahazi, nikamweleza na wale watoto. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwekea mdogo wake kofia kichwani, akampa maji.

Kwa yule bibi wa Deira: sikuchukua hata jina lako. Mtoto sasa anasoma darasa la kwanza, hajambo kabisa. Shikamoo popote ulipo.

Mama mwenzangu, mtumie hii yule unayemjua ameshakata tiketi ya Juni. Asiahirishe safari. Abadilishe saa za kutoka tu.